Kamba ya Ndama na Watoto wa PP2

Leo sina uso. Nimerudi nyumbani hapa Lanet kwa njia ya nyuma, nikikwepa hata kuku.

Mnajua mimi hufundisha watoto wa PP2, wale wa miaka mitano. Mnajua pia niko kwa majaribio, na barua ya kazi ya kudumu ilikuwa inangoja kitu kimoja tu: afisa wa elimu aje anione nikifundisha. Amekuja leo. Somo lilikuwa kusukuma na kuvuta.

Asubuhi kulikuwa na baridi ya kuuma, kwa hivyo ndani ya sketi nikavaa suruali ya kulalia ya mume wangu. (Ina picha za vidubu. Alinunuliwa na dadake. Tusiingie huko.)

Kusukuma kulienda vizuri. Watoto wakasukuma dawati, wakasukuma tairi, afisa akaandika. Nikapata kiburi. Nikawatoa uwanjani, nikajifunga kamba ya ndama kiunoni, niwaonyeshe kwamba mtu mmoja akivuta siendi, lakini wakiongezeka nasogea. Niliifunga ikiwa imelegea kidogo. (Chapati tatu za asubuhi zilihitaji nafasi.)

Kiprono akavuta peke yake. Sikutikisika.

"Tuongeze watu wangapi?" nikauliza.

"Wawili, ticha!"

Wakaongezwa. Bado. Mimi nilikuwa nimepanga kuishia watano. Lakini kwa kina Kiprono huvuta pikapu kutoka matopeni kila mvua ikinyesha, na mtoto anajua kazi hiyo inavyoanza. Akajaza kifua.

"Harambeeee!"

"Heeee!" darasa zima likajibu, likarukia kamba. Watoto ishirini na wanane! Mpishi akaitikia kutoka jikoni. Mzee wa geti akaacha geti wazi, akaja mbio, akashika mwisho wa kamba bila hata kuuliza tunavuta nini.

"Ngojeni!" nikapiga kelele.

"Harambeeee!"

Sasa, kitu ambacho sikuwa nimekifikiria ni urefu. Watoto ni wafupi. Wakivuta, wanavuta kuelekea chini. Kamba ikateremka, na sketi yangu ya lastiki ikaifuata bila ubishi hadi kwenye vifundo vya miguu. Nikaanguka kama gunia la viazi, nikaburutwa kwa miguu mpaka mbele ya viatu vya afisa. Vidubu vyote nje!

"Ticha amesogea!" akatangaza Kiprono. Wakapiga makofi.

"Uko sawa, mwalimu?" afisa akauliza, akiangalia mawingu.

"Niko sawa, sir." (Nikiwa bado chini.)

Mzee wa geti akavua kofia. "Pole, madam. Mimi nilidhani ni gari imekwama."

Nimelia chooni, siwafichi. Nilijua kazi imekwenda. Saa nane mwalimu mkuu akaniita, akanipa ripoti huku akiuma midomo asicheke. Somo limeeleweka kikamilifu. Mwalimu athibitishwe kazini. Halafu chini kabisa, kwa kalamu nyingine: "Anunue mshipi."

Basi kazi ninayo. Na atakayenicheka hapa ajue kamba pia ninayo, na watoto ishirini na wanane wanaongoja tu kusikia neno moja.