Mtego wa Mwenye Duka la Chuo

Leo nimeaibika, na aliyeniaibisha ni mimi mwenyewe. Nimetafuta wa kumsingizia njia nzima wakati narudi nyumbani, sijampata.

Kwa wasionijua, mimi ni Baba Eliza, naendesha duka ndani ya chuo kimoja huku Lushoto. Chumba ni cha chuo, mimi nina mkataba tu, na mkataba wenyewe unakwisha mwezi huu. Kamati inakaa kesho kuamua kama niendelee au apewe mtu mwingine. Sasa elewa, duka hilo ndilo linalotulisha na ndilo linalosomesha watoto. Shamba ninalo, lakini ni kipande cha mteremko ambacho hata kuku akisimama vibaya anabingirika mpaka kwa jirani.

Duka langu lina adabu. Nasema adabu kwa sababu wengine wanaita ukali. Mwanafunzi akiingia na "mambo", namrudisha mlangoni aingie upya na shikamoo. Mwenye vidude vya muziki masikioni simuuzii mpaka avitoe. Malipo ya simu sipokei, nataka noti niishike. (Mke wangu aliwahi kuniambia kwamba mimi nauza adabu, mkate natoa nyongeza. Nilidhani ananisifu.)

Basi muhula huu wateja wakaanza kupungua. Kwanza nikasema ni mitihani. Halafu nikasema ni mvua. Mkate ukawa unaota ukungu kwenye shelfu, na mimi bado natafuta sababu. Siku moja binti mmoja akapita mbele ya duka anatafuna karanga. Karanga ninazo. Zile hazikuwa zangu. Nikamwita.

"Binti, karanga umezitoa wapi?"

"Shikamoo baba. Kapu la Bweni."

"Ndiyo duka gani hilo?"

"Siyo duka, ni grupu la kwenye simu. Unaandika unachotaka, unatuma hela, unaletewa mpaka getini."

"Na mnasalimia?"

"Ukipenda."

Ukipenda! Usiku ule sikupata usingizi.

Nikaenda kwa mlezi wa wanafunzi. Ni mama mmoja wa Tanga mjini, sote tunamwita Madamu, na yumo kwenye hiyo kamati. Nikamweleza kwamba kuna mhuni anauza chuoni bila kibali, ananiua kibiashara, na kwamba duka kudorora si kosa langu hata kidogo.

"Una ushahidi, Baba Eliza?"

"Nitakuletea mtu mzimamzima, Madamu."

"Haya. Ukinionyesha, nitalisema kwenye kamati. Usiponionyesha, itabidi niseme kile wanafunzi wanachoniambia."

Sikuuliza wanafunzi wanamwambia nini. Nilikuwa na mtego wa kuandaa.

Asubuhi ya leo nikaingia kwenye hilo grupu kwa laini yangu ya pili. Picha nikaweka ua. Jina nikajiita Rehema wa Bweni la Pili. (Nina mvi kichwani na sauti ya besi kwenye kwaya. Lakini kwenye simu nani anakuona?) Nikamwandikia mwenye grupu: "Shikamoo. Naomba soksi za sufu na karanga."

Jibu likaja: "Marahaba mwanangu. Soksi za rangi gani?"

Damu ikanichemka. Kijana wa mjini, najua tu ni kijana wa mjini, ananiitikia marahaba mimi mtu mzima bila hata haya. (Ndiyo, nilikuwa nimesema mimi ni Rehema. Hasira haina kumbukumbu.) Nikajikaza nikajibu: bluu.

"Baridi ni kali wiki hii mwanangu. Chukua na tangawizi uchemshe, kifua kisikubane."

Nikachukua na tangawizi. Sijui hata ilikuwaje. Nimesimama nyuma ya kaunta yangu, tangawizi yangu iko pembeni kwenye ndoo, na mimi naagiza kwa mshindani. Nikamwambia nitalipa nikipokea. Akajibu, "Haya, nakuamini. Bodaboda wamegoma kupanda kufuata mzigo, njia ina utelezi. Jioni nitashuka mwenyewe mpaka getini."

Mwenyewe! Niliruka pale dukani mpaka nikagonga kichwa kwenye mizani inayoning'inia. Mchana nikapita nyumbani kula, mke wangu akaniona uso unang'aa.

"Kuna nini leo?"

"Leo kuna mtu atalia."

"Nani?"

"Utasikia."

Sikumwambia zaidi. Mke wangu ana huruma sana, angeweza kuniharibia.

Jioni ukungu ukashuka kama ilivyo kawaida yake, ukafunika mikaratusi, ukafunika mpaka kibao cha chuo. Mimi nikajibanza nyuma ya michongoma ya getini. Madamu akaja na koti lake zito, akasimama kibandani na mlinzi wetu, Mzee Kaniki. Wanafunzi nao wakaanza kukusanyika mmojammoja. (Nilikuwa nimewadokeza wawili watatu kwamba leo patakuwa na jambo. Nilitaka mashahidi. Mungu akanipa mashahidi.)

Ukungu ukatoa mtu. Mfupi, buti za mvua, koti kubwa la mvua limevutwa kichwani mpaka uso hauonekani, kikapu mkononi. Nikasema moyoni, mhuni anajificha uso, anajua anachofanya. Akafika getini, akaweka kikapu chini, akatoa simu, akabonyeza. Mfukoni mwangu simu ikaanza kuimba pambio, tena kwa sauti ya juu.

Nikatoka michongomani kwa kasi ambayo magoti yangu yalikuwa yamenificha miaka mingi. Nikamkaba kola kwa nyuma.

"Nimekupata! Mwizi wa wateja wewe! Watu wazima tunalisha familia hapa, unakuja kutumalizia! Hukufundishwa adabu kwenu? Nani kakulea wewe? Geuka nikuone!"

Nikamtikisa. Koti likateleza kichwani. Akageuka.

Mama mkwe wangu.

Mama mzazi wa mke wangu, wa Lukozi, bibi yake Eliza. Yule ambaye nilipokwenda kuposa nilikaa kwenye ukingo wa kiti mpaka mguu ukafa ganzi, kwa woga. Kwetu sisi mkwe ni mtu mzito. Unamsalimia umeinama, kwa mbali kidogo, mkono humpi. Chumba kidogo hukai naye. Akipita njiani unampisha, unasimama kando kwenye majani mpaka apite. Mimi nimemkamata kola. Nimemtikisa. Nimeuliza nani kamlea.

Bibi wa watu akanitazama bila kukasirika, na hilo ndilo lililoniumiza zaidi.

"Onga mshi, Baba Eliza," akasema taratibu. Ananisalimia kwa Kishambaa, kama tumekutana sokoni.

Nami nikainama. "Shikamoo mama."

Mzee Kaniki akakohoa. "Baba Eliza, achia kola kwanza, halafu ndiyo usalimie."

Ni kweli. Mkono bado ulikuwa umeshika kola. Naapa vidole vilikataa kufunguka, ikabidi nivisaidie kwa mkono wa pili. Nyuma yangu sauti ya mwanafunzi mmoja ikasema, "Arudi mlangoni aingie upya." Geti zima likalipuka. Hata Madamu aligeuza uso, nikaona mabega yake yanacheza.

Mama mkwe akangoja kelele zitulie. Akachukua kikapu chake. "Namtafuta binti mmoja, Rehema wa Bweni la Pili. Kaagiza soksi za sufu."

Hapa ningeweza kunyamaza. Ningesema simjui. Lakini pambio bado lilikuwa linaimba mfukoni.

"Rehema ni mimi, mama."

Akainamisha macho akatazama viatu vyangu kwa muda. "Basi hizi zitakubana," akasema. "Nitakufumia nyingine."

Madamu akasogea. Nikajua sasa atamwambia kuhusu kibali, na mimi nitakuwa nimemshtaki mkwe wangu mbele ya chuo kizima. Badala yake akasema, "Kumbe bibi ndiye Kapu la Bweni? Yale matunda damu uliyonitumia yalikuwa matamu sana. Una mengine?"

Nikasema, "Madamu, na wewe?"

"Nina njaa kama watu wengine, Baba Eliza."

"Na kibali je?"

"Kibali ni cha kuuza ndani ya chuo. Bibi amesimama nje ya geti. Aliye ndani ni wewe."

Nikatazama chini. Kweli, mguu wangu mmoja ulikuwa ndani.

Nikamuuliza mama, kwa upole wote uliobaki duniani, mambo haya ya simu amejifunzia wapi. Akasema amefundishwa na binti yake. Binti yake ni nani? Ni mke wangu! Yule yule ninayemlalamikia kila jioni kwamba wateja wanakimbia, naye ananipakulia ugali ananiambia pole baba. Mzigo mama anautuma kwa basi kutoka Lukozi, na leo ameufuata mwenyewe nikiwa dukani. Na unalala wapi? Kwangu. Chini ya kitanda changu. Yale mafurushi niliyoambiwa ni sare za kwaya. Mimi mwenyewe ndiye niliyeyabeba kutoka stendi, nikayapandisha kile kilima huku nahema, nikasema hizi sare mbona zinanukia karanga. Nikajijibu mwenyewe kwamba labda waimbaji wanakula wakati wa mazoezi.

"Tulikuficha kwa sababu ungechukia," mama akasema. "Lakini sikukunyang'anya mtu, Baba Eliza. Kila nikija kuwatembelea niliwaona wanatoka kwako wamenuna, hawakununua kitu. Nikaona watoto wa watu wanapata baridi."

Nimekaa kwenye biashara miaka yote hii, hakuna aliyewahi kuniambia ukweli mfupi namna ile. Nilihisi machozi. Nikasingizia ukungu.

Madamu akaingilia kati. "Sasa sikiliza. Kesho nikilipeleka jina lako peke yako kwenye kamati, halipiti, nakwambia ukweli. Wanafunzi wamekuja kwangu tena na tena. Nikilipeleka jina la bibi na lako pamoja, nadhani linapita. Yeye ana wateja, wewe unajua mali na bei. Mnasemaje?"

Wanafunzi wakapiga makofi. Mama mkwe akafikiri, kisha akasema yeye hana neno, mradi mkwe wake aridhie. Mimi nikaona mwanga. Duka limepona, watoto wanasoma, aibu nitaizoea. Nikasema nimeridhia kwa moyo wote.

Halafu Mzee Kaniki, ambaye ni mtu wa Mlalo na mila anazijua, akauliza kwa nia njema kabisa: "Lakini watakaaje? Kile chumba nyuma ya kaunta, watu wawili wanagusana viwiko. Mtu na mkwe wake?"

Tukatazamana. Au tuseme wao walitazamana, mimi nilitazama buti za mama. Haiwezekani. Kila mtu pale alijua haiwezekani. Mmoja akiwa ndani, mwingine lazima awe nje.

"Mimi magoti hayawezi kupanda ngazi za mabweni," mama akasema kwa heshima sana. "Nitakaa kwenye kaunta. Baba Eliza atapeleka."

Sasa niko nyumbani. Nimeagizwa mbuzi wa kuomba radhi, jambo hilo sibishani nalo, nilistahili hata ng'ombe. Mke wangu yuko jikoni na mlango ameufunga, lakini namsikia anavyocheka akiwa amejiziba mdomo na kanga. Eliza amenieleza kwamba video waliyoipiga wanafunzi imeshafika Mnazi, huko chini tambarare, ambako hata mtandao ni wa shida.

Kamati ikipitisha kesho, nyie wa Bweni la Pili mkisikia hodi mkafungua mkakuta mzee mwenye mvi ameshika soksi, ninachoomba ni kimoja: pokeeni, fungeni mlango, kisha ndiyo mcheke.