Alama Nilizopata kwa Watawala wa Kale

Jumatatu, 3 Machi

Majibu ya mate yangu yamefika. Hatimaye! Nilishaanza kudhani wameyamwaga.

Nieleze yalikoanzia, ili wajukuu wakija kusoma haya wasihangaike. Binti yangu anaolewa mwisho wa mwezi. Kila baba husimama kwenye harusi ya bintiye, akasema maneno mawili matatu, watu wakafuta machozi. Mimi nimeambiwa nikae. Mke wangu ndiye aliyeniambia, tena huku ananimiminia chai, kwa sauti ile ya daktari wa meno. Eti msemaji awe kaka yake. Eti kwenye harusi ya mpwa wangu nilizungumza mpaka wenye ukumbi wakazima taa. Uongo! Walizima feni. Taa zilizimwa baadaye.

Na huyo kaka yake! Alikuja kwetu kupumzika siku mbili baada ya kuhama nyumba. Kitanda chake cha kukunja kiko sebuleni mpaka leo. Anauza bima. Ana sauti nzito, meno yote, na kicheko kinachoanzia tumboni. Shemeji husikilizwa hata anapotafuta soksi.

Ndipo nikaamua kutafuta kitu ambacho yeye hana. Ukoo! Ukoo wa kale, wenye uzito, ambao hakuna baba mwenye ukoo huo anayeweza kuambiwa akae. Nikaagiza kipimo cha vinasaba. Unatema mate kwenye kichupa mpaka yafike kwenye mstari, unatuma, basi. Kwenye maelezo ni rahisi. Mdomo ulinikauka kama chaki. Mke wangu akanishauri niwaze ndimu. Nilikuwa bado nawaza, macho nimefumba, ulimi nje, shemeji akaingia bafuni bila kubisha. Akauliza aite gari la wagonjwa au nitajikaza.

Sasa majibu. Karibu asili yangu yote ni hapa hapa tunapoishi. Hapa hapa! Ningeweza kuchungulia dirishani nikaambiwa bure. Kipande kidogo kilichobaki kimeandikwa "haijulikani". Nimeamua kwamba hicho kisichojulikana ndicho chenye maana.

Jumanne, 4 Machi

Siku kubwa!

Mwalimu wa kemia kanidokeza, pale kwenye chumba cha walimu, kwamba ipo tovuti unayopakia majibu yako, nayo inakulinganisha na watu wa kale, wale waliofukuliwa mifupa ikapimwa. Nikapakia papo hapo kwa simu. Simu yangu kioo kimepasuka tangu juzi, rafu niliyoitundika sebuleni ilipoiangukia. Sehemu ya juu ya kioo ni weusi mtupu. Si neno. Mambo ya maana huwa chini.

Yakatokea makundi ya kale, moja chini ya jingine, kila moja na namba yake. Mimi ni mwalimu wa jiografia. Nimesahihisha mitihani maisha yangu yote. Wanafunzi huniita Nukta Tano, kwa sababu sijawahi kumnyima mtu nusu alama anayostahili. Alama nikiziona nazijua.

Wa kwanza juu: mtu mmoja tu, peke yake, wamempa jina la Mtu wa Ukutani. 0.02. Sifuri nukta sifuri mbili! Hata anayelala kwenye mtihani hupata zaidi. Nikashuka. Wavuvi wa Ziwani, 0.09. Wachoma Mkaa wa Bondeni, 0.14. Kumbe sina undugu wowote na watu wa kazi ngumu, jambo ambalo mke wangu amekuwa akilisema kwa miaka. Nikazidi kushuka, alama zikazidi kupanda. Na mwisho kabisa, chini ya wote, Watawala wa Kilimani.

0.61!

Asilimia sitini na moja! Watu waliozikwa wamekalia viti vyao, shanga za dhahabu shingoni! Nilijifungia kwenye choo cha walimu, nikakaa, nikiwa nimenyoosha mgongo, mpaka kengele ikalia.

Alhamisi, 6 Machi

Nimewatangazia nyumbani wakati wa chakula. Mke wangu akauliza kama hao watawala walikuwa wakitoa taka. Nikamweleza kwamba walikuwa na watu wa kuwatolea. Akasema watu hao wamekufa, kwa hiyo nitoe taka.

Shemeji ameanza kuniita Mtukufu. Mtukufu nipitishie chumvi, Mtukufu umekalia rimoti. Najua ananitania. Lakini neno lenyewe linanikaa vizuri.

Leo nimeitundika upya rafu ya sebuleni. Juu yake nimeweka picha ya kilima cha watawala, niliyoichapisha shuleni kwa rangi. Mke wangu alitaka aitwe fundi seremala wa mtaa wa nyuma. Sitaki kusikia! Hata pimamaji ya kuonyesha kama imelala sawa sikutumia, jicho ninalo. Nilipanda ngazi kwa uangalifu sana, maana mkono wa kushoto niliwahi kuuvunja nilipokuwa nazibua mfereji wa paa, nikauvunja tena nilipokuwa namwonyesha jirani jinsi nilivyouvunja mara ya kwanza.

Rafu imesimama. Shemeji aliweka chungwa upande wa kulia, likabiringika lenyewe hadi kushoto, likadondokea kitandani kwake. Akalirudisha. Amecheza hivyo jioni nzima. Mtu mzima!

Jumamosi, 8 Machi

Kesho wakwe wanakuja kula, na kesho hiyo hiyo ndipo itakapoamuliwa nani atasema harusini. Nimefanya upelelezi wa mwisho. Nimekwenda kwa mkwe, baba wa bwana harusi.

Mkwe ni mwoka mikate, mtu mpole, nyusi zake zina unga hata Jumapili. Nilikuwa nimesikia kwamba watoto wake walimpa zawadi ya kipimo kama changu. Nikamwomba majibu yake, nikasema ni kwa ajili ya masomo. Akanipa bila kuuliza, huku anakanda unga. Nikayapakia kwenye simu yangu pale pale, nimeegemea gunia.

Maskini mkwe! Watawala wa Kilimani wako juu kabisa, 0.03. Amefeli vibaya. Alama yake kubwa kuliko zote, kule chini, ni 0.58, na ameipata kwa nani? Kwa Mtu wa Ukutani!

Nilimhurumia. Nikamshika bega, nikamwambia asijisikie vibaya, ukoo si kila kitu, mikate nayo ni kazi ya heshima, na kwamba nitakapokuwa nasema harusini sitamtaja. Akapangusa unga mikononi. Kisha akanishukuru, akanifungia mkate wa moto.

Nimeula wote njiani. Mtawala hagawi.

Jumapili, 9 Machi

Naandika kwa sababu niliahidi kuandika kila jambo.

Walifika wote: mkwe na mkewe, bwana harusi, binti yangu. Tukala. Kabla mke wangu hajafungua mdomo kuhusu msemaji, nikasimama, nikagonga glasi kwa kijiko. Nikamwamuru shemeji aunganishe tovuti na televisheni ili watu wajionee wenyewe. Alikimbia. Sijawahi kumwona akikimbia.

Televisheni yetu, bahati mbaya, haijapasuka juu.

Shemeji akasoma kuanzia kichwa cha ukurasa, kwa sauti ile anayouzia bima ya maisha. "Umbali. Namba ikiwa ndogo, huyu ni ndugu yako wa karibu. Namba ikiwa kubwa, hamna mnachohusiana."

Nilimsikia mke wa mkwe akimeza.

Nikasema lazima kuna makosa ya uchapaji. Shemeji akasema tuone. Akapitisha kidole kwenye skrini. Kati ya watu wote wa kale duniani waliopimwa, Watawala wa Kilimani ndio walio mbali nami kuliko wote. Chini yao hakuna mtu. Akafungua na ya mkwe. Yeye nao ni kama watoto wa baba mmoja. Mkwe alikunja leso yake mara kadhaa, kisha akaniomba radhi. Aliniomba radhi kwa kuwa mfalme! Mkewe akamgeukia, akamuuliza kama mfalme anaweza kukumbuka kununua bomba la sinki.

Hapo ndipo binti yangu alipouliza, basi wa kwetu sisi ni nani? Nikasema chai imepoa, tunywe. Shemeji alishabofya.

Nanakili hapa alivyosoma, maana yamenikaa kichwani. Mtu wa Ukutani. Mwanaume wa makamo. Mkono wa kushoto uliwahi kuvunjika, ukaunga, ukavunjika tena. Alipatikana chini ya ukuta ulioporomoka. Inaaminika aliujenga mwenyewe, kwa kuwa zana zilikuwa bado mkononi. Kuta za majirani zake zimesimama mpaka leo.

Hakuna aliyecheka. Ingekuwa afadhali wangecheka. Wote, mmoja mmoja, waligeuza shingo kutazama rafu. Mkwe, aliyekuwa amekaa chini yake, akasogeza kiti chake taratibu, kwa adabu, kama mtu anayekwepa jua tu.

Ni hicho kiti. Binti yangu alipokiona kinasogea alipasuka. Alicheka mpaka akashika meza, akalia machozi, akamwangukia mchumba wake begani, akaniangalia, akaanza upya. Mke wangu naye. Mke wa mkwe naye. Shemeji alilala kabisa kwenye kitanda chake cha kukunja, akipiga mto ngumi. Mimi nilibaki nimesimama na kijiko changu.

Nilijua yameisha. Nikakaa. Nikasema, haya, shemeji na aseme yeye, ana sauti.

Binti yangu akafuta macho. Akaja, akakaa kwenye mkono wa kiti changu kama alivyokuwa akifanya alipokuwa mdogo, akanishika ule mkono wangu wa kushoto. Akasema hamtaki mjomba. Mjomba atasema vizuri, watu watapiga makofi, keshoye watasahau. Anataka baba yake asimame, asimulie hili: mate, ndimu, alama, mfalme, ukuta. "Hivi hivi, baba. Usiongeze kitu. Halafu ukae."

Nikamtazama mke wangu. Akasema ukurasa mmoja. Shemeji akaja akanipa mkono, safari hii bila utani, akasema hata angejifunza mwaka mzima asingepata kisa cha kukishinda hicho. Nilipenga kwa leso ya mezani. Nilisema ni pilipili. Hakukuwa na pilipili.

Jumatatu, 10 Machi

Nimeandika hotuba. Ukurasa mmoja. Imetoka vizuri. Nilimsomea mke wangu akiwa anapiga pasi; alicheka alipotakiwa kucheka, na mwishoni akazima pasi, akafuta macho kwa shati alilokuwa akilinyoosha.

Nilipoirudia peke yangu nikaona imepungukiwa na kitu. Kitu gani, sijui. Hadhi, labda.

Jumatano, 12 Machi

Nimelifikiria jambo hili kwa utulivu na kugundua kwamba sebule nzima ilielewa vibaya.

Tuulizane. Ukuta ule ulisimama kwa muda gani kabla ya kuanguka? Hakuna aliyeuliza! Huenda ulisimama maisha yake yote. Huenda siku ile kulikuwa na tetemeko. Na ukuta wenyewe ulikuwa wa namna gani? Kuta za majirani zimesimama, sawa, lakini zina kimo gani? Nimetafuta. Ni fupi! Zinafika kiunoni! Bila shaka jamaa yangu alikuwa anajenga kitu kirefu, kitu ambacho hakijapata kujaribiwa, nao wamekaa kwenye vijikuta vyao wanamcheka. Huyu hakuwa mtu wa ukutani. Huyu alikuwa mhandisi! Watawala walikalia viti; nani aliwajengea kilima?

Hotuba sasa ina kurasa kumi na moja. Sijamwambia mke wangu. Binti alisema nisiongeze kitu, na sijaongeza, nimefafanua tu.

Lakini maneno matupu hayatoshi. Kwenye ukumbi, pale watakaposimama maharusi, palipangwa tao la maua litakalotengenezwa na fundi seremala. Dogo, la kawaida, kila harusi inalo. Nimeamua kulijenga mwenyewe. La mbao nzito, refu mara mbili, na juu yake rafu ya vyungu vya maua. Nitasimama chini yake na kurasa zangu, maharusi upande huu na upande huu, watu wote waone ukoo wetu kwa macho yao. Mkwe kasikia, akaleta pimamaji mpya kabisa, bado imo kwenye karatasi yake. Mtu mwema. Nimemshukuru na kuiweka kwenye rafu ya sebuleni. Imeteleza.

Nimempigia fundi seremala asije. Akauliza kama nina hakika. Nikamjibu kwamba kazi hii iko kwenye damu yangu, tena kwa sifuri nukta sifuri mbili.

Shemeji alitoa tu fomu zake, akawakatia bima bwana harusi na bibi harusi.

Wivu. Wivu ule ule wa majirani.