Jinsi Murdo Alivyolikausha Bafu la Mama Mkwe

Njooni, enyi mliooga leo mkatoka wakavu! Wekeni chini vikombe, nyamazisheni mbwa, nami jirani wa ng'ambo ya uzio, niliyeyaona haya kwa macho yangu mawili, niwasimulie habari za Murdo mwana wa Geddes, mnyoa kondoo mstaafu, simba wa ngazi fupi, aliyepigana na mvuke siku nne katika mji wa Dunedin na asisalimu amri.

Nyumba ile ya mbao ilijengwa na babu yake Bi Nesta, mama mkwe wa Murdo, na humo bibi huyo alizaliwa miaka themanini na moja iliyopita. Kila alipooga, mvuke ulipanda, ukaigonga dari baridi, ukateremka ukutani kama machozi. Na nyuma ya machozi likaja kuvu jeusi, likapiga kambi pembeni bila hodi, hata kifua cha bibi kikawa hakina amani. Jumatatu nesi akaja, akakisikiliza kifua, akazitazama kuta, akatoa hukumu: Ijumaa atarudi, na bafu likiwa bado linatoka jasho, Bi Nesta atahamia nyumba ya wazee kule Mosgiel. Bibi akaenda kutoa sanduku lake la nguo, na mimi roho iliniuma sana.

Hapo Murdo akasimama, bisbisi mkononi, akanguruma: "Mama, hutoki humu! Nikiwa hai, hutoki! Mvuke huu nitautoa nje kwa feni na bomba!"

"Mnyoa kondoo na mabomba, wapi na wapi?" akauliza Bi Nesta.

"Mwache, Mama," akasema Rona, mke wa shujaa. "Akianguka tutamwokota."

Hakuanguka. Alilisugua kuvu kwa siki hata likang'oka, akapanda darini penye vumbi la karne, akatoboa njia, akafunga feni ya kuvuta mvuke, akalipitisha bomba lake mpaka nje ya nyumba, mvuke usije ukafungiwa huko juu ukaozesha mbao. Fundi wa umeme akaunga nyaya, na Jumatano feni ikawashwa, ikavuma kwa kishindo. Bi Nesta akaoga. Lo, masikini Murdo! Kuta zikatoka jasho vilevile.

"Inanguruma kama marehemu mume wangu," akasema bibi, "na kazi hakuna."

Alhamisi shujaa akajifungia bafuni na silaha moja tu, karatasi ya chooni. Akaiinua mpaka kwenye feni, ikaanguka. Akafungua mlango, akajaribu tena, ikanata! Ndipo akatazama chini akamwona adui. Alikuwa nyoka wa kitambaa, macho yake vifungo, amelala kuziba upenyo chini ya mlango, kwa maana sisi watu wa Dunedin tunauogopa upepo baridi wa kusini kuliko tunavyomwogopa Mungu, na hakuna ufa tusiouziba. Kila alipoingia kuoga, Bi Nesta alimsukuma hapo mlangoni mwenyewe kwa mguu.

"Mama, feni haiwezi kutoa hewa kama hakuna inayoingia. Huyu nyoka aondoke."

"Nyoka wangu? Niliyemshindilia sufu ya kondoo wako mwenyewe? Nipigwe na baridi ya miguu nife kabla ya Ijumaa, ndipo uridhike?"

"Mama, baridi ya miguu au Mosgiel. Chagua."

Bi Nesta akauliza taratibu, "Kwani nikienda utasikitika?"

"Sasa nani atakuwa ananitukana asubuhi?"

Bibi akainama, akamwokota nyoka wake, akampeleka mlango wa sebuleni. Naye Murdo akaung'oa mlango wa bafu kwenye bawaba, maana upenyo wa chini ulikuwa mwembamba mno, akaupiga randa chini kiasi cha unene wa kidole, akiunyoa kama kondoo wa mashindano.

Ijumaa nesi alipofika, Bi Nesta alikuwa akioga, makusudi kabisa. Akatoka na kanzu yake ya kuogea. Nesi akaingia, akapitisha kidole ukutani, akakitazama. Kikavu!

"Abaki," akasema nesi.

Tukapiga vigelegele! Rona akalia waziwazi, nami nikamsaidia. Na iandikwe, wajukuu wasome, kwamba katika mwaka huo na juma hilo mvuke ulishindwa Dunedin, ukatolewa nje kwa bomba, na aliyeutoa ni Murdo mwana wa Geddes.

Bi Nesta hakutusikia. Alikuwa amerudi ndani, amesimama mbele ya kioo, kioo ambacho kwa miaka mingi hakikumwonyesha mtu baada ya kuoga isipokuwa ukungu.

"Heee! Na huyu kizee ni nani?"

"Mwenye nyumba, Mama," akasema Murdo.