Herufi Tatu Kwenye Ubao wa Shule

Kwa Mkuu wa Kikosi cha Zimamoto,

Barua hii ikukute mkavu na mwenye afya. Mimi ni mjomba wa msichana mmoja wa darasa la tano, katika shule ile iliyotoka moshi Jumanne. Nalalamika kwa heshima zote.

1. Tangazo lenu ubaoni linasema "Waliookoa": askari wako sita, mpishi na mwalimu wa zamu. Chini yake, "Waliookolewa": mimi. Peke yangu, maana wanafunzi mia nne walitoka wenyewe kwa mstari. Shule niliishia darasa la nne, ila najua kati ya kuokoa na kuokolewa zimezidi herufi tatu tu. Naomba zifutwe.

2. Inasemwa nilikwama. Sikukwama. Nilidhani mpwa wangu yumo maktaba, nikaingia dirishani. Kifua kikapita, tumbo likakataa, nami papo hapo nikaamua kubaki ili nizibe upepo usichochee moto. Nusu saa nimeziba. Sasa moto ulizimwa na nani, kama si tumbo hili?

3. Mlinimwagia maji ya sabuni kama shati la harusi. Askari wako aliyenivuta mguu, asipokuwa zamu, ni fundi viatu wa mtaani kwetu. Nikipita kibandani kwake ananiambia, "Mjomba, kiatu chako cha kushoto ninacho, ingia dirishani uchukue." Muuguzi wa gari la wagonjwa tunapakana ukuta, kila asubuhi ananiuliza, "Mgonjwa wangu, mlangoni umepita salama?" Kinyozi ameniita Okolewa, na jina limeshika.

4. Kwa hiyo, kama kufuta ni kazi kubwa, naomba Jumamosi askari mmoja mnene akwame dirisha lile lile, mtaa mzima ukiangalia, nimvute mimi. Sabuni nitakuja nayo.

Nisalimie kikosi chote, dereva, na king'ora chenyewe.

Ni mimi,
Mjomba Mwokoaji

Baada ya sahihi: Barua hii ameisahihisha mpwa wangu. Kumbe siku ile alikuwa uwanjani kitambo. Aliposikia nimeingia kumtafuta, aliwakimbilia askari wako analia, "Mjomba yuko dirishani, na hapiti, namjua." Mimi nilikuwa sijaambiwa. Basi herufi zangu tatu ziacheni zilivyo. Ila kule juu, kwa waliookoa, mmeruka mtu mmoja. Mwandikeni.