Kioo Kisichoshika Tone

Jumatatu, tarehe 4 Novemba

Siku ya aibu, ingawa aibu yenye mbegu ya heshima ndani yake. Mazishi ya asubuhi, mvua ya rasharasha. Mimi mbele na gari la maiti, wafiwa nyuma, mwendo wa kunyata. Kimya. Kisha wipa zangu zikaanza: kwiii-kwaa! Kwiii-kwaa! Sauti ya mbuzi aliyekanyagwa mguu. Mjukuu mmoja wa marehemu akacheka. Mwenzake akadakia. Tunafika makaburini, safu nzima inatikisa mabega, na si kwa kilio.

Bosi akaniita ofisini. Akikasirika huongea polepole, na leo aliongea polepole kuliko jeneza linavyoshuka. Kasema gari jipya la maiti limeshanunuliwa. Jeusi tii, lina mapazia. Jumamosi tunamzika mwalimu mkuu mstaafu, mji mzima utakuwepo. Nikiongoza msafara bila kasoro, funguo za gari jipya ni zangu. Nikiharibu, anapewa shemeji yangu, na mimi napewa ndoo na brashi, nikaoshe magari uani.

Shemeji huyo ni kaka wa mke wangu. Anaendesha basi dogo la wafiwa na kazini tunamwita Polepole. Mtu wa kusimama barabarani kumpisha kuku, na kuku akisita, anamsubiri aamue. Kanishauri eti ninunue tu mipira mipya ya wipa, shemeji, hii imekwisha.

Mipira! Kichwa kama hiki kikahangaike na mipira! Nimeendesha marehemu miaka yote hii na hajawahi kulalamika hata mmoja.

Jumanne, tarehe 5 Novemba

Nimepata dawa! Duka la vipuri, rafu ya juu, nyuma ya makopo ya grisi. Ni maji mazito ya kupaka kwenye kioo cha mbele. Ukishapaka, mvua haikai. Matone yanajikunja kama shanga, yanateleza, kwaheri. Kioo kinabaki kikavu kama koo la mdaiwa. Sasa wipa za nini?

Muuza vipuri akaanza kunieleza habari za mwendo na upepo, upepo na mwendo. Nikamwambia ndugu yangu, nimeulizia dawa, sijaulizia utabiri wa hali ya hewa. Nikaondoka na chupa kabla hajamaliza. Wenye maduka wana maneno mengi.

Jumatano, tarehe 6 Novemba

Nimepaka. Saa sita mchana, jua la utosi, kwa sababu mtu mwenye dawa hasubiri kivuli. Sikuosha kioo kwanza. Kuosha ni kazi ya wasio na dawa.

Kioo kikageuka maziwa. Utando mweupe kutoka pembe hadi pembe, na katikati alama ya kiganja changu, wazi kabisa, kama mtu anayepunga mkono kutoka ahera. Polepole akapita na chapati yake mkononi. Kaniuliza kama nimeamua kuweka pazia na mbele pia, ili marehemu na dereva wote wapumzike. Nikamjibu kwamba dawa kali huanza kwa kuumiza. Akasema pole, shemeji, akaendelea kutafuna.

Nikauona utando kwa jicho la kitaalamu: unahitaji kitambaa laini. Nikaenda nyumbani, nikachukua taulo la wageni kabatini, lile jeupe, nene, ambalo mimi mwenyewe sijaruhusiwa kuligusa tangu tulipooana. Nikasugua mpaka mabega yakaita. Kioo kikaanza kung'aa! Taulo nikalianika, likakauka, nikalirudisha likiwa limekunjwa vizuri sana. Hakuna atakayejua.

Alhamisi, tarehe 7 Novemba

Wamejua.

Mama mkwe kafika jana jioni kutusalimu. Leo asubuhi kaoga, kapewa taulo la wageni, kama inavyomstahili. Taulo likakataa maji. Akijifuta begani, maji yanahamia mgongoni. Akifuta mgongo, yanarudi begani. Baada ya muda mrefu akaita kutoka bafuni, kwa upole wa mtu anayejizuia, kwamba binti yangu, hivi katika nyumba hii mnajikaushaje?

Mke wangu akalinusa taulo. Kisha akaninusa mimi. Yaliyofuata sitayaandika, shajara nayo ina heshima zake. Itoshe kusema kwamba mama mkwe amekauka kwa shuka langu.

Lakini angalia ukubwa wa jambo lenyewe! Dawa imeingia kwenye taulo, kitu kilichozaliwa kunywa maji, na taulo likaacha kunywa! Kioo kitathubutu? Nimeondoka nyumbani kifua mbele. Nikaosha kioo vizuri kwa sabuni, nikakausha, nikapaka upya kivulini, nikasugua kwa fulana yangu. Safari hii hakuna utando. Bosi kapita, kasimama, katengeneza tai yake akijitazama kwenye kioo changu. Hakusema neno. Bosi asiposema neno, hiyo ni sifa.

Ijumaa, tarehe 8 Novemba

USHINDI!

Nimetumwa mji wa jirani kuchukua jeneza tupu. Barabara kuu, mvua ya kumwaga. Nikakanyaga mafuta. Matone yakagusa kioo, yakashtuka, yakakimbia kuelekea paani kama wanafunzi waliosikia kengele! Sikuwasha wipa hata mara moja. Naona barabara, naona vibao, naona mpaka nyusi za dereva wa lori linalokuja. Niliimba. Jeneza nyuma likagonga mapigo.

Nilipofika nyumbani nikang'oa wipa zote mbili. Zingebaki zingekwangua dawa tu, na kupiga kelele zao za mbuzi. Nikampa mke wangu. Akazipindua pindua, akaniuliza kama nina uhakika. Nikamwambia mume wake si mtu wa kubahatisha. Akasema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Nikamwambia hakuna aliyenisifu bado. Akasema ndiyo maana anashangaa. Akaenda kuzichomeka bustanini kushikilia miche yake ya nyanya.

Polepole leo kabadilisha mipira ya wipa za basi dogo. Maskini. Kila mtu na zama zake.

Kesho mvua inatarajiwa. Namshukuru Mungu.

Jumamosi, tarehe 9 Novemba

Naandika kwa mkono uliotulia. Mtu mkubwa hupimwa siku nzito.

Tulitoka nyumbani kwa marehemu vizuri. Mimi mbele, suti nyeusi, kioo kama hakipo. Nyuma yangu Polepole na basi dogo: mjane, watoto wake, na bosi mwenyewe kiti cha mbele. Nyuma yao magari ya wanafunzi wa zamani wa mwalimu, msafara mpaka kona. Mvua ikaanza. Nikatabasamu.

Matone yakaja. Yakajikunja kama shanga, kama nilivyoahidiwa. Yakakaa.

Hayakuteleza. Mwendo wa mazishi ni wa kunyata, na kwa mwendo huo hayaoni sababu ya kuondoka. Yakanenepa. Yakaitana. Kioo kizima kikawa macho ya samaki, na katika kila jicho barabara ndogo imepinduliwa. Nikatafuta swichi ya wipa. Ikazunguka. Kule mbele vyuma viwili vitupu vikainuka, vikapunga, vikalala. Wipa zenyewe ziko kwenye nyanya.

Nikatoa kichwa dirishani. Mvua ikaingia machoni. Nikakirudisha. Ndipo nikakumbuka maneno ya muuza vipuri: mwendo na upepo! Bwana yule kumbe alikuwa na la maana, angelisema kwa ufupi tu. Nikakanyaga mafuta kidogo. Matone yakatikisika. Nikakanyaga tena.

Nchi hii ina watu wenye adabu. Hakuna anayempita marehemu, na hakuna anayetaka kuachwa naye. Nilipoongeza, wote wakaongeza. Tukapita mjini msafara mzima tukiwa na taa za dharura, kasi ya gari la wagonjwa. Watu waliovua kofia kwa heshima, upepo ukawasaidia.

Kisha, ghafla, shanga zote zikaruka! Kioo kikafunguka kama alfajiri! Sijawahi kuona vizuri hivyo maishani mwangu. Na kitu cha kwanza nilichokiona kwa uzuri huo ni kibao cha kunikaribisha mji wa jirani.

Lango la makaburi nilikuwa nimelipita zamani.

Nikageuzia kituo cha mafuta. Msafara wote ukageuzia pale, mmoja mmoja, kuzunguka pampu. Mhudumu akavua kofia, akainamisha kichwa, kisha akauliza kwa sauti ya chini kama tunajaza. Kurudi, nikaogopa kukimbia tena na nikaogopa kutembea. Polepole akanipita, akanipungia mkono nimfuate. Wipa zake hazikutoa hata mlio. Nikashika taa zake nyekundu kama mtoto ashikavyo pindo la mama. Kumbe walio nyuma wakadhani huo ndio utaratibu mpya, nao wakanipita wote. Wafiwa wakafika makaburini, wakashuka, wakapanga mstari, wakamsubiri marehemu. Akafika wa mwisho.

Bosi alikuwa anaongea polepole mno, sikusikia kitu.

Lakini mjane akanisogelea. Nikajiandaa kwa lolote. Akanishika mkono, akasema mwanangu, huyu mzee miaka arobaini hakuwahi kufika popote kwa wakati. Kila siku shuleni alikuwa anaingia getini nyuma ya wanafunzi. Leo nilipoona sisi tupo na yeye hayupo, nikasema huyo ndiye mume wangu. Akacheka, na machozi yakamtoka, na watoto wake wakacheka naye. Nilisimama pale kwenye mvua, na nakiri, hata mimi macho yalinilowa. Hayo hayana dawa.

Jumapili, tarehe 10 Novemba

Funguo kapewa Polepole. Alikuja kuniambia mwenyewe, amebeba mfuko wa machungwa kwa ajili ya mama yake, akizungukazunguka maneno kama anampisha kuku. Kasema samahani, shemeji. Kasema kama nikitaka atanifundisha kuweka mipira. Nikamwambia asijali. Mama mkwe akasema mwanawe ana moyo mzuri. Kisha akamuuliza kama kwake kuna taulo.

Kesho naanza na ndoo.

Jumatatu, tarehe 11 Novemba

Nimelitafakari jambo hili vizuri. Kosa halikuwa dawa. Kosa lilikuwa msafara. Dereva mmoja akiwa na dawa na wengine hawana, mwendo unagongana. Magari yote yakiwa na dawa, wote watakwenda kwa kasi moja, na hakuna atakayeona ajabu. Jinsi mambo makubwa yanavyokuwa rahisi ukiyatazama kwa utulivu!

Na tazama Mungu alivyo fundi. Mtu wa ndoo ndiye anayeshika vioo vya magari yote. Nilipokuwa dereva nilikuwa na kioo kimoja. Hii si adhabu, ni kupandishwa cheo, ila bosi hakuona haja ya kukitaja.

Nimeosha kwa sabuni. Nimepaka kivulini. Gari jipya nimelipaka mara mbili, kwa upendo, maana ni la shemeji. Vinang'aa vyote. Wipa zote nimezing'oa zisije zikakwangua.

Mke wangu kasema nyanya mwaka huu hazitaanguka. Kesho kuna mazishi asubuhi, na wingu limeshaanza kujikusanya.