Boneti Iko Salama

Idara ya Barabara ilitangaza, kwa kipaza sauti kilichofungwa juu ya lango lake, kwamba wananchi waondoe hofu: boneti ya lori jipya iko salama. Hakuna mwananchi aliyekuwa na hofu. Hata hivyo tangazo lilikuwa limepangwa vizuri, na aliyelitunga, Bwana Kifungu, Katibu wa Kamati ya Ulinzi wa Boneti, alisimama dirishani akalisikiliza hadi mwisho kama mtu anayesikia habari njema kwa mara ya kwanza.

Lori lenyewe lilinunuliwa kuziba mashimo ya barabara. Lilikuwa la buluu, na rangi ya boneti yake iling'aa kiasi kwamba Mheshimiwa Mkurugenzi, alipoinama kuikagua siku ya kwanza, alijiona humo akiwa mwembamba, tena mwenye shingo. Aliinuka mtu mwingine kabisa. Palepale akaagiza kwamba rangi ile isiguswe na mdudu wala jiwe, na kwamba gari lolote la Idara likipata doa kwenye boneti, anayeliendesha atarudisha funguo siku hiyohiyo mbele ya watu.

"Hatuoneani haya," alisema akijipiga kifua. "Hata mimi."

Wafanyakazi wakapiga makofi, maana chai ilikuwa bado haijaletwa. Bwana Kifungu alipiga kuliko wote, kisha akakumbuka dereva wa lori ni nani, akaacha.

Dereva alikuwa dada yake. Karakana nzima ilimwita Klachi. Ndiye aliyemlea walipobaki wawili, akamsomesha kwa kuendesha malori ya watu, mpaka mdogo wake akapata tai na ofisi yenye feni. Sasa mdogo huyohuyo ndiye angemnyang'anya funguo. Kifungu alimpenda dada yake na aliogopa kweli, kwa sababu barabara ile ilikuwa na mawe mengi kuliko lami, na wadudu wake hawakuwa na adabu.

"Mdogo wangu," Klachi alimwambia mlangoni mwa karakana, "hili lori halina mabawa. Jiwe likiruka linapiga mbele. Mimi nifanyeje?"

"Dada, suala lako liko mezani."

"Mezani kuna biskuti tu. Nimepita nimeziona."

Kamati ikaketi. Fundi rangi aliitwa, akaja na bunda la plastiki angavu ya kunata. Alieleza kwamba unaibandika juu ya boneti, jiwe linapiga plastiki, mdudu anafutwa kwa kitambaa, na rangi inabaki ilivyo. Kazi ya asubuhi moja. Kamati ilimpongeza, kisha ikauliza swali moja la kitaalamu: Mheshimiwa akijitazama juu ya hiyo plastiki, atabaki mwembamba?

"Ataonekana alivyo," fundi akasema.

Alisindikizwa hadi getini, na bunda lake likatupwa nyuma yake.

Mjumbe mwingine alipendekeza barabara itengenezwe kwanza ili mawe yasiwepo. Alikumbushwa kwamba barabara haiwezi kutengenezwa mpaka lori litoke, na lori haliwezi kutoka mpaka barabara itengenezwe. Akashukuru kwa ufafanuzi, akakaa. Kibao kikasimikwa njiani: WADUDU MWISHO HAPA. Panzi alitua juu yake kabla rangi ya maandishi haijakauka, na mlinzi akatumwa kumhoji.

Ndipo Kifungu aliposimama. "Waheshimiwa, uchunguzi wa kina umebaini kwamba madoa yote hutokea mbele. Chanzo chake ni lori kwenda mbele." Akanyoosha tai. "Napendekeza liende kinyumenyume."

Wazee wazima wakakumbatiana. Wazo likapewa jina, Mfumo wa Mwendo Mbadala, na Mkurugenzi akasema alikuwa nalo muda mrefu.

"Safari nzima rivasi?" Klachi aliuliza.

"Ni kwa ajili yako, dada."

"Na shingo yangu?"

"Shingo haimo kwenye agizo."

Siku ya uzinduzi lori lilijazwa kokoto za kuziba shimo la kwanza, likatoka getini kwa makalio, vipaza sauti vikishangilia. Wajumbe wa Kamati walijibana kibini pamoja na dereva. Nyuma yao alikuja Mkurugenzi, peke yake, akiendesha gari jeusi alilopewa na Idara, kioo kikiwa chini. Sasa boneti ilikuwa imemwelekea yeye. Alijiona tena mwembamba, akasogea karibu. Akajiona zaidi, akasogea zaidi.

Kwa kuwa sehemu ya nyuma ilikuwa imetangulia, mlango wa bodi ya mizigo ulitangulia kugonga kila tuta na kuachia kokoto kidogo kidogo. Magurudumu yalizipokea na kuzirusha kule zilikotakiwa zisiende. Lori pia liliparaza vichaka vya kando, na wadudu wote walioamka kwa hasira wakatafuta wa kumlaumu. Mkurugenzi alitoa kichwa dirishani aseme, "Polepole," na neno likaingia na nzi wawili.

Pale kwenye shimo umati ulikuwa ukingoja. Kokoto zilikuwa zimekwisha. Boneti ya lori haikuwa na hata alama ya kidole, lakini ile ya gari jeusi ilikuwa imedonolewa kama iliyoachiwa kuku, na madoa ya mabawa kila mahali.

"Dereva huyu amenipiga mawe," Mkurugenzi akasema, akitema. "Katibu, chukua funguo zake. Sasa hivi."

Kifungu alimtazama dada yake akishuka, shingo imekaa upande. Alijua cheo chake kinaning'inia kwenye jibu lake. Alijua pia ni nani aliyemfunga tai ya kwanza. Sauti ikatoka ya ofisini, safi kabisa.

"Mheshimiwa, lori halina doa. Agizo lako linahusu anayeendesha gari lenye doa." Akanyoosha kiganja. "Naomba funguo. Hatuoneani haya."

Umati ukapiga makofi, na safari hii hakuna aliyekuwa akingoja chai. Funguo zikaanguka kiganjani. Fundi rangi, aliyekuja kutazama tu, alisema anaweza kuipiga rangi upya ile nyeusi, ila foleni ni ndefu.

Ilibaki namna ya kumrudisha Mkurugenzi nyumbani. Kibini ilikuwa imejaa Kamati, na Mfumo wa Mwendo Mbadala haukuwa umefutwa, kwa sababu aliyetakiwa kuufuta alikuwa bado anatoa bawa kwenye meno. Akapandishwa kwenye bodi tupu, akasimama mlangoni mwake, mikono imeng'ang'ania chuma. Klachi akaingiza rivasi, akachungulia kwenye kioo cha pembeni.

"Mheshimiwa," akaita kwa heshima zote, "mbele ni wewe. Fumba mdomo, tunaondoka."