Ombi la Kiti cha Pili Katika Gari la Mwanangu

Ndugu Katibu wa Kamati ya Mbio za Magari ya Kiti Kimoja,

Salamu kwako na kwa wanakamati wote, hasa yule bwana wa kupeperusha bendera, ambaye mkono lazima unamuuma. Mimi ni mwalimu wa udereva, na ni mama mzazi wa dereva wa gari la njano. Nimeufuatilia msimu huu tangu mbio za kwanza, na sasa uvumilivu umenishinda. Malalamiko yangu ni haya:

1. Gari lina kiti kimoja. Langu la kufundishia lina viti viwili mbele, na upande wa mwalimu kuna breki ya pili. Kijana huyu nilimfundisha mwenyewe. Breki ya pili ilikuwa inaisha kabla ya ile ya kwanza.

2. Madereva wanapitana kwenye kona bila honi wala taa ya kuashiria. Huyo wanayemwita Kisigino, wa timu nyekundu, alimbana mwanangu ukutani akapita, kisha akapewa kikombe! Kwangu angerudishwa darasani.

3. Mwanangu akiingia kubadilishiwa matairi, mafundi wanamvamia kundi zima, na hakuna hata mmoja wa kumsalimu wala kumuuliza kama amekunywa maji. Nikifumbua macho ameshaondoka. Ndiyo, ninayafumba. Ninaogopa, Ndugu Katibu. Mtoto ninaye huyu mmoja tu.

4. Mwenzake wa timu, ambaye wanavaa sare moja na kula meza moja, naye anashindana naye. Watu wa nyumba moja si wangefuatana taratibu, wakafika wote?

Nilipomweleza mwanangu haya alicheka, akasema, "Mama, kule hatuendi sokoni." Mimi sikucheka.

Kwa hiyo naomba, kabla ya mbio za mwisho Jumapili hii, gari lake lifungwe kiti cha pili chenye breki, nikae mimi. Helmeti nitaazima kwa shemeji yangu mwenye pikipiki. Nitanyamaza kimya, isipokuwa penye kona.

Nisalimie familia yako, mafundi wa timu zote, na daktari wa uwanjani, ambaye namwombea akose kazi.

Wako katika usalama wa barabarani,
Mama wa Gari la Njano

N.B. Nikiwa nafunga bahasha, fundi mkuu wa timu yetu amenipigia simu. Kumbe Kisigino anamzidi mwanangu pointi tatu tu, na uzito wangu ungemkosesha ubingwa. Basi kiti cha pili afungiwe Kisigino. Nitakaa mimi, na breki nitaikanyaga tangu mwanzo hadi mwisho.